Aliyekula Mpaka wa Mto

Mpimaji alifika mtaa wa Matete Jumanne ya wiki ya pili ya Kwaresima, na hakuja na gari. Alikuja kwa bodaboda, amekumbatia futi kamba ndefu kama mtu anayepeleka jogoo kwa wakwe. Bodaboda ya pili ikamletea vigingi kumi na viwili vya mti, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Watu walicheka. Jamani, serikali imetuletea vijiti!

Mimi siwalaumu kwa kucheka. Siku hiyo mto Kasolo ulikuwa unavukwa na kuku, na kuku hata hakuharakisha. Jina la mtaa peke yake lingetosha kuwaonya, maana matete hayaoti kilimani, lakini nani ana muda wa kusikiliza jina? Bondeni ni tambarare, hapana mawe, udongo wa tofali upo na maji ya kufyatulia yapo. Mtu aliyetoka shamba na akiba yake anataka kusogea karibu na mji wa Sumbawanga, na kwingine viwanja vilikuwa vimekwisha.

Urbano alikuwa mmoja wao. Aliuza ng'ombe wanne wa plau, akabaki na wawili, akajenga vyumba vitatu vya tofali za kuchoma na sebule yenye sakafu ya saruji. Walihamia wiki ya Krismasi. Mpaka Kwaresima inaingia, mkewe Rosina alikuwa bado anavua ndala mlangoni, na mama yake, Bibi Kalista, alikuwa bado anaingia sebuleni polepole, anapapasa ukuta, anacheka peke yake.

"Shikamoo, mzee," mpimaji alisema. "Naitwa Flavian. Natoka ofisi ya bonde, wanaosimamia mito."

"Marahaba," Urbano aliitikia. "Kumbe bonde nalo lina ofisi?"

Watu wakacheka tena. Mwenyekiti wa mtaa, Benjamini, hakucheka. Alikuwa mtu wa mihuri na barua, na mbele ya mgeni wa serikali alipenda kuonekana ana watu wanaomtii. "Urbano, acha maneno," alisema. "Shika hiyo kamba, umsaidie mtaalamu."

Urbano akaishika. Hebu fikiri aibu hiyo: Flavian alibaki ukingoni mwa mto, na Urbano akatumwa kuburuta ncha ya kamba mwenyewe, akapita shamba lake la maharage, akapita ubavuni mwa nyumba yake mpya mbele ya macho ya majirani, akaenda mpaka aliposikia, "Hapo hapo, mzee, mita sitini!" Akatazama chini. Alikuwa amesimama kwenye mpera ulio nyuma ya nyumba.

"Huo ni mpera wangu," Urbano alisema, Flavian alipomfikia.

"Naona, mzee. Sitaukata."

"Nyumba iko kule na mpera uko huku."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyumba iko kwa mto."

Bibi Kalista aliyesikia kutoka mlango wa nyuma akapaza sauti. "Huo mto muulizeni kama una hati! Sisi tunayo karatasi ya mauziano, ina sahihi za mashahidi watatu!"

Flavian alimwamkia kwanza, kwa heshima zote, ndipo akaomba jembe. Alichimba tundu la kigingi chini ya mpera, akafika kina cha goti, akachota udongo kwa kiganja akawaonyesha. Ulikuwa mchanga mweupe, na ndani yake vijiwe vya mviringo na ganda la konokono wa majini. Akapanda hatua mbili juu ya mpera, akachimba tena. Huko ulitoka udongo mwekundu mtupu.

"Sheria inasema mita sitini toka mtoni," alisema. "Lakini mimi huchimba, nione kama mto na sheria wanakubaliana. Hapa wamekubaliana. Mchanga huu hakuuleta mtu."

Urbano alilichukua lile ganda akaligeuzageuza. Tangu mpera hadi mtoni palikuwa mbali. Ungemtuma mtu maji, ungepata nafasi ya kumaliza kikombe cha chai kabla hajarudi. Konokono alifikaje hapa? Akalitupa ganda upesi.

Flavian akakigongomea kigingi cha saba, akaeleza habari ilivyo. Mwenyekiti atapita kigingi kwa kigingi kuandika nyumba zilizo upande wa mto. Baada ya Pasaka, walioandikwa watapewa viwanja kule mgongoni mwa kilima, upande wa Pito, na kabla ya mvua za mwaka ujao wawe wamehama.

"Kiwanja kitupu?" Urbano aliuliza.

"Kiwanja, mzee. Nyumba utajenga."

"Kwa ng'ombe gani?"

Flavian akakunja kamba yake.

*

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu watu wanaolima kwa plau, na wenyewe wakinisikia wasinune, maana ni kweli. Wanakula mpaka. Kati ya shamba na shamba huachwa ukanda mwembamba wa majani, ndio mpaka. Kila msimu mwenye ng'ombe akifika pale, mkono unateleza, plau linachukua mfuo mmoja wa jirani. Mfuo mmoja tu! Mwaka ujao mwingine. Jirani naye upande wa pili anafanya hivyo hivyo, ukanda unakonda, mpaka siku moja watu wazima wawili wanashikana mashati kwa sababu ya ardhi isiyotosha kupanda mstari wa mahindi. Ni dhambi ya kawaida, kila Kwaresima inaungamwa, na msimu ukifika inaanza upya. Marehemu baba yake Urbano aliwahi kula mpaka wa shamba la misheni.

Kwa hiyo Jumapili ile, watu wote wakiwa misa ya pili, Urbano aliyebaki nyumbani kwa kisingizio kwamba ng'ombe mmoja anachechemea alikitazama kile kigingi kama anavyotazama mpaka mwingine wowote. Tofauti ilikuwa moja: jirani wa upande wa pili hakuwa na mdomo. Mto haushtaki kwa mwenyekiti. Mto hauna mashahidi watatu.

Alikitikisa, kikatoka. Akalifukia tundu, akalikanyaga kwa mguu. Kisha akatembea kuelekea mtoni, akapita nyumba yake, akapita na nyumba ya jirani, akahesabu hatua arobaini, akakigongomea katikati ya maharage. Pale mto ulikuwa na kona. Nani angeshangaa mstari wa vigingi ukipinda?

Alinawa mikono, akakaa kibarazani akisubiri watu watoke kanisani. Alikuwa na furaha.

*

Aliyekiona wa kwanza ni Marsiana.

Marsiana alikuwa mjane, nyumba yake ya vyumba viwili ilipakana na ya Urbano, na tangu Jumanne alikuwa ameanza kufunga mizigo. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Alikwisha kumwomba kaka yake wa Pito mkokoteni wa ng'ombe, maana kulikuwa na jambo la haraka: binti yake Angela, aliyeolewa Kaengesa, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na alikuwa anakuja kwa mama yake kulelewa uzazi.

"Baba Timoth!" alimwita Urbano kwa jina la mwanawe aliyeko masomoni mbali, bado ana kitambaa cha kanisani kichwani. "Njoo uone! Kigingi kiko huku kwenye maharage! Kumbe Jumanne tuliona vibaya?"

"Labda walirekebisha," Urbano alisema.

"Lini?"

"Sijui. Hawa watu wa serikali."

Marsiana akapiga vigelegele, akapiga magoti pale pale kwenye tope la maharage akafanya ishara ya msalaba. "Nimekesha na Rozari siku nne, Baba Timoth. Siku nne! Nilikuwa najiuliza, mzazi nitamlaza wapi, kwa kaka yangu wanalala watano chumba kimoja. Mungu amesikia."

Jioni alileta bakuli la karanga za kuchemsha, asante ya kuwa jirani mwema. Urbano alizila. Zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumatatu mwenyekiti Benjamini alipita na daftari lake. Alipofika kigingi cha saba alikuna kichwa, akatazama nyumba mbili zilizokuwa sasa upande salama, akapita. Hakuziandika. Jumatano Angela akafika na kichanga cha siku saba, wa kiume, amefungwa mablanketi mawili. Marsiana akamweka chumba cha upande wa mtoni, kwa sababu kilikuwa na dirisha linalopata jua la asubuhi.

*

Rosina aliigundua kazi ya mumewe alipokwenda kuanika nguo. Chini ya mpera kulikuwa na mchanga mweupe juu ya udongo mweusi, duara moja, na alama ya kiatu cha raba anachokijua kwa sababu yeye ndiye anayekifua.

Hakusema mbele ya mama mkwe. Alimsubiri zizini.

"Umekula mpaka."

"Mpaka gani?"

"Baba Timoth, usinifanye mtoto. Umekula mpaka wa mto."

Urbano akaendelea kumpangusa ng'ombe mgongo. "Mto una maji, una samaki, una matete. Na mpera wangu nao unautaka?"

"Mimi siuzungumzii mto. Namzungumzia Mama Angela. Pale ndani kuna mzazi."

"Miaka mingapi mto huu haujatoka? Wewe umewahi kuuona?"

"Nina miezi mitatu hapa, ningeuonea wapi? Rudisha kile kijiti."

"Wakishagawa viwanja, jambo likipoa."

"Rudisha leo."

"Nikirudisha leo, wewe kesho utalala wapi? Utalala juu ya maneno yako?"

Rosina alikuwa na mengi ya kusema, lakini nyumba aliipenda. Ukweli ndio huo, aliipenda sana ile sakafu. Akachukua beseni akarudi ndani, na kwa kunyamaza kwake akawa na fungu lake katika dhambi ile. Baadaye alijuta kuliko mumewe.

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, Urbano aliingia kwenye kiti cha kitubio.

"Nimekula mpaka, padri."

"Tena?" Sauti ya padri ilikuwa imechoka, siku ile alikuwa amesikia mipaka tisa. "Wa nani?"

"Wa jirani."

Hakudanganya sana, alijiambia. Padri akampa malipizi anayowapa wote: Rozari tatu, arudishe mpaka, na aliyekula arudishe na mfuo mmoja juu, ili jirani aone amerudishiwa kwa moyo. Urbano alizisali Rozari zote tatu jioni ile ile, akiwa amepiga magoti kwenye saruji yake mpya. Mpaka hakuurudisha.

*

Kuanzia Jumanne iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha milimani. Matete yenyewe ilipata manyunyu tu. Watu waliona mawingu meusi yamekalia vilele vya mashariki siku mbili mfululizo, wakasema, haya, wenzetu wanapata. Alhamisi kulikucha jua kali na mbingu safi kabisa.

Saa nne hivi Urbano aliwapeleka ng'ombe kunywa maji. Walifika ukingoni wakagoma. Aliwapiga fimbo, wakasimama tu, masikio yamesimama, wanatazama upande mto unakotoka. Naye akatazama. Hakuona kitu. Mto ulikuwa pale pale, mdogo, unang'aa juani. Kisha akasikia harufu ya udongo mbichi, harufu ya shamba jipya linapofunguliwa na plau, lakini nzito mara mia. Maji miguuni pake yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha tete kikapita, kikafuatwa na kingine, halafu fungu zima na mizizi yake.

Ndipo ukaja mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa chini, wa mfululizo, aliusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ng'ombe wakamkatia kamba mkononi wakakimbia kupanda.

Urbano alikimbia nyuma yao, na katika kukimbia kule alifika mahali ambapo kulia ni mlango wake na kushoto ni mlango wa Marsiana. Nyumbani kwake alikuwa mama yake mzee, mkewe, na kila kitu alichopata duniani. Nasema kwa haki, maana nimemsema sana: alikata kushoto.

"Mama Angela! Mtoe mzazi! Mto unakuja!"

Marsiana alikuwa jikoni anakoroga uji wa ulezi wa mzazi. "Baba Timoth, punguza sauti, mtoto amelala. Mto uje na jua hili?"

"Toka, nakwambia!"

"Mbona unatutisha? Si tuko nje ya kigingi?"

"Tokeni!"

"Aa, mimi sitoi mtoto wa siku kumi na tano kwenye upepo kwa ndoto zako. Kigingi kiko kule chini. Mtaalamu amepima."

"Nilikihamisha mimi!" Urbano alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Mimi! Jumapili, mkiwa misani! Kilikuwa kwenye mpera! Nilikihamisha mimi!"

Marsiana akabaki na mwiko mkononi. Hakutukana, hakulia. Uso wake ulifanya kitu ambacho Urbano hatakisahau mpaka anaingia kaburini: ulimtazama kama hamjui. Kisha mwanamke yule akaepua sufuria jikoni, akaiweka chini vizuri isimwagike, akaingia chumbani, akatoka na mtoto kifuani, akimvuta Angela mkono.

Rosina alikuwa amekwisha kutoka nje, anamvuta Bibi Kalista, na bibi anataka sanduku lake. "Sanduku langu la sanda! Siachi sanda yangu!" Urbano akambeba mama yake mgongoni kama gunia. Wakapanda wote, wakaupita mpera, wakaenda mpaka kwenye udongo mwekundu. Hapo wakageuka.

*

Wanaosimulia mafuriko husema maji yalikuja kama ukuta. Kasolo haukuja hivyo. Uliinuka. Ulijaa kitandani mwake taratibu, ukakaa kidogo ukingoni kama mwenye nyumba anayefuta miguu mlangoni, halafu ukaingia. Ukaja mpana. Mama yangu, upana ule! Mto uliovukwa na kuku ulichukua bonde lote, kutoka ubavu mpaka ubavu, maji ya rangi ya udongo yanayotembea pamoja, na juu yake jua linawaka na mbingu ni bluu. Mtaa mzima ulikuwa umekimbilia hapo juu, mamia ya watu, na hakuna aliyepiga yowe. Ukubwa wa jambo ulizidi yowe.

Yalipita mbele ya macho yao mabua ya mahindi, milango, mapipa, na nguruwe anayeogelea kwa bidii. Ulipita mzinga wa nyuki juu ya gogo, na nyuki wake wanauzunguka hewani, wanahama nao. Ulipita mti mzima umesimama wima, majani yote kichwani, unazunguka polepole. Maji yaliingia mlango wa mbele wa Urbano bila kubisha na kutokea mlango wa nyuma. Yakakaa ndani muda. Kisha ukuta wa sebule ukapinda magoti, nyumba ikakaa chini, na bati jipya likabaki juu ya maji linameremeta. Nyumba ya Marsiana ilifuata. Chumba chenye dirisha la jua la asubuhi ndicho kilichoanguka kwanza.

Angela alimziba mtoto macho, kana kwamba kichanga kingeelewa.

Na maji yakaendelea kupanda. Yakaja kwa mawimbi madogo, yanasukuma mstari wa povu na takataka, yakaufikia mpera, yakaupapasa shina. Urbano alikuwa hatua tatu juu yake. Aliona wazi: pale alipokuwa amelifukia tundu, udongo ulitoa mapovu, ukadidimia, na tundu likajitokeza, la mviringo, safi, upana wa kigingi. Maji yakalijaza mpaka mdomoni. Na hapo, mbele ya watu wote, mto ukasimama.

Haukupita hata unyayo. Povu lilikaa pale, likatetemeka, likakaa. Kushoto, kwenye kigingi cha sita, lilikuwa limekaa hivyo hivyo, na kulia kwenye cha nane. Mstari ule ule aliouburuta Urbano kwa mkono wake.

Bibi Kalista, bado mgongoni mwa mwanawe, alifanya ishara ya msalaba. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeolewa katika ukoo wa wala mipaka na anayeijua kazi hiyo, "Umekuja kupima shamba lake."

Urbano alipiga magoti na mama yake mgongoni. Hakuwa anasali. Machozi yakawa yanamtoka, na ndani ya hofu ile mlikuwa na kitu kingine alichoshindwa kukipa jina. Alikuwa ameishi miaka arobaini na saba akidhani ardhi inakaa kimya.

*

Flavian alirudi Jumatano iliyofuata. Maji yalikuwa yamekwisha kushuka, yameacha tope na mstari wa takataka uliokauka. Alitembea juu ya mstari ule na daftari lake, na watu nyuma yake, mpaka kwenye mpera.

Benjamini alifungua daftari la mtaa akasoma majina ya watakaopata viwanja. Yalikuwa tisa. La Urbano halikuwamo, wala la Marsiana.

"Na nyumba hizi mbili?" Flavian aliuliza.

"Hazikuwa ndani. Kigingi cha saba kilikuwa kwenye maharage, nilikiona kwa macho yangu. Mimi nimeandika kulingana na kigingi."

"Mimi nilikipiga hapa, mwenyekiti. Mbele yako."

"Basi ulirudi ukakihamisha, au ulikosea." Benjamini aliigeukia hadhara. "Kijana amekosea vipimo, mama wa watu nusura afe na mjukuu! Ndiyo kazi hiyo mliyosomea?"

Minong'ono ikaanza, ikawa makelele. Mtu mmoja alirusha donge la tope likampata Flavian begani. Kijana wa watu alifunua daftari, akalitazama, akalifunga. Usoni alianza kuwa na shaka, labda kweli nilikosea.

Urbano alitazama mahali alipokuwa Marsiana. Siku sita walikuwa wamelala darasa moja la shule, wanapikia mafiga yaliyopakana, na siku zote sita mwanamke yule hakumwambia mtu. Hakumwambia Urbano pia neno lolote. Sasa alikuwa amesimama na mjukuu mgongoni, anamtazama, anangoja. Urbano alielewa kwamba akinyamaza yeye, mama huyu naye atanyamaza, atakosa kiwanja, na atamtazama hivi hivi maisha yote.

"Hakukosea," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Ikabidi apaze sauti.

"Hakukosea! Nilikihamisha mimi. Nilikula mpaka."

Kwanza walicheka, walidhani anatania. Halafu kicheko kikafa. Sitayarudia yote aliyoambiwa. Mengine yalisemwa na wanawake wazima mbele ya watoto. Mzee wa kanisa alimtemea mate miguuni. Benjamini, ambaye aibu ilikuwa imemhamia yeye sasa, alipiga kelele kuliko wote. "Jina lako halitaingia humu! Ukalale na mto wako!"

"Litaingia," Flavian alisema. Alikuwa bado ana tope begani. "Nyumba yake ilikuwa ndani. Mimi napima ardhi, mwenyekiti. Sipimi roho za watu. Na mama huyu aandikwe kabla yake."

"Aandikwe wa mwisho kabisa," Benjamini alisema. "Achukue kitakachobaki." Kila mtu alijua kitakachobaki, kile chenye mwamba katikati. Urbano akaitikia kwa kichwa.

Flavian alitoa kigingi kipya. Ndipo Marsiana akasogea, akachukua jembe la Rosina lililokuwa limeegemea mpera, akamnyooshea Urbano mpini.

"Chimba," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ile.

Akachimba. Tundu lilikuwa pale pale, limejaa mchanga mpya, mweupe kuliko wa kwanza. Akakitia kigingi, Flavian akakinyoosha, akasema sawa. Urbano akakitazama. Kisha akaking'oa.

"Unafanya nini wewe?" Benjamini alifoka.

Urbano hakumjibu. Alipanda juu, upande wa watu, upana wa mfuo mmoja wa plau, akachimba kwenye udongo mwekundu, akakisimika huko.

"Mzee, umepitiliza," Flavian alisema kwa upole. "Kipimo cha mto kinaishia hapa."

"Mwache, mwanangu," Bibi Kalista alisema kutoka kwenye kigoda alichowekewa. "Huo ni wa malipizi."

Flavian hakuelewa, lakini wale wote waliowahi kushika plau walielewa, wakatazama chini. Marsiana aliivuta kanga ya mjukuu ikaze mgongoni. Akasogea, akaushindilia udongo wa kigingi kwa kisigino chake, mara moja, mara mbili, mpaka kikakaza.

Kule chini kuku alikuwa anavuka mto, maji hayamfiki magotini. Safari hii hakuna aliyecheka.